Pini, Kishwara na Roda: Ukarabati wa Vifaa vya Vyombo Vidogo vya Matanga katika Maziwa Makuu, 1858–1927

Ikisiri

Historia ya usafiri wa majini katika Maziwa Makuu imeandikwa zaidi kwa kufuata meli kubwa na mamlaka zilizozimiliki. Makala haya yanaifuata kupitia vifaa vidogo vya juu ya chombo: roda za kupandishia tanga, vishikio vya makasia, pini za usukani na bolti zinazounganisha vipande. Hoja kuu ni kwamba uhai wa chombo kidogo ziwani haukuamuliwa na ugumu wa vifaa vyake, bali na uwezekano wa waliokuwamo kuvifungua na kuvifunga upya mahali pasipo na karakana. Hoja hiyo ina uzito kwa washauri wa sera wanaosimamia ununuzi na ukaguzi wa boti katika kanda hii.

Utangulizi

Mwezi Machi 1858, John Hanning Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi. Hakwenda kutazama mandhari. Alikwenda kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi, kwa kuwa yeye na Richard Burton walikuwa hawana chombo cha kuwafikisha kaskazini mwa ziwa. Sheikh alimkaribisha vizuri, lakini jahazi hakulipata. Lilikuwa na safari zake. Speke alirudi Ujiji mikono mitupu, na hatimaye wasafiri hao wawili wakaenda kaskazini kwa mitumbwi ya kupiga makasia.

Tukio hilo hutajwa kwa kawaida kama kituko kidogo katika habari za utafutaji wa chanzo cha Nili. Kwa mwanahistoria wa vyombo lina uzito zaidi. Ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, lenye miti kando yake na wavuvi stadi katika kila ghuba, lilikuwa na uhaba wa vyombo vya matanga kiasi cha mtu kuvuka maji kwa ajili ya kimoja. Sababu haiwezi kuwa mbao, wala haiwezi kuwa woga wa maji. Chombo cha tanga kinahitaji vitu ambavyo mtumbwi hauvihitaji: kitambaa, kamba ndefu, foromali, roda, na misumari ya kushikilia mbao zinazovutwa na mlingoti. Vitu hivyo vilitoka pwani, vichwani na mabegani mwa wapagazi, katika safari iliyomchukua Burton mwenyewe karibu miezi minane, tangu Juni 1857 hadi Februari 1858. Pini iliyovunjika Ujiji ilikuwa na mbadala wake Bagamoyo.

Kinachoganda na sababu zake

Vyombo vidogo vinavyozungumziwa hapa havikuwa na sitaha kamili. Vingi vilikuwa wazi, pengine na ubao wa kukanyagia omoni na tezini. Hata hivyo vilikuwa na vifaa vya juu vinavyofanya kazi kila siku, na ndivyo vilivyoharibika kwanza. Mfupa wa chombo, yaani mkuku na mataruma, huweza kudumu miaka mingi. Roda hudumu misimu.

Roda ya mti, ambayo mabaharia wa pwani huiita pia kapi, ina sehemu tatu: ganda, gurudumu la ndani, na pini inayopita katikati. Ikilowa sana, mti hufura na gurudumu hubana ndani ya ganda. Ikikauka sana, ganda hupasuka. Mchanga ukiingia, pini husagika. Dawa ya yote haya ilikuwa mikononi mwa baharia: kuipiga pini itoke, kulikwangua gurudumu, kupaka mafuta ya papa au shahamu, na kuchonga pini nyingine ya mti mgumu ikiwa ya kwanza imekwisha. Kazi hiyo haikuhitaji moto.

Kishwara kilikuwa rahisi zaidi. Ni kitanzi cha kamba kilichofungwa ubavuni mwa chombo ili kulishikilia kasia wakati wa kuvuta. Kikikatika, mpiga kasia hufunga kingine kabla chombo hakijapoteza mwelekeo. Mwenzake wa kisasa, chuma chenye umbo la panda kinachozunguka ndani ya tundu, hufanya kazi vizuri zaidi kikiwa kipya, na huwa hakina msaada wowote kikivunjika katikati ya maji.

Chuma kina tabia yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo bolti iliyoshika kutu ndani ya tundu lake hujibana yenyewe kadiri inavyooza. Anayejaribu kuifungua kwa nguvu huikata kichwa, na mabaki yakabaki ndani ya mbao. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, moja huliwa kwa kuilinda nyingine. Jeshi la Majini la Uingereza lilijifunza hilo kwa gharama baada ya mwaka 1761, manowari Alarm ilipovishwa shaba chini ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Ilipokaguliwa baada ya kutumika katika bahari ya joto, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Ile ambayo karatasi ilibaki kati yake na shaba ilikuwa salama. Mnamo 1824 Humphry Davy alipendekeza kutumia kipande cha metali dhaifu kiliwe kwa makusudi badala ya shaba. Maarifa hayo yalikuwapo katika viwanda vya Uingereza miongo mingi kabla ya boti za Ulaya kufika maziwani.

Maji ya maziwa haya ni baridi, yaani hayana chumvi kama ya bahari, na hilo limepunguza kasi ya uharibifu. Lakini halikuuondoa. Boti iliyovutwa ufukoni hulowa usiku na kukaushwa na jua mchana, na hali hiyo hulegeza misumari hata pale ambapo kutu haijafanya kazi yake.

Vyombo vya kushonwa

Kabla ya misumari kuenea, pwani na bara zilikuwa na jibu moja kwa tatizo la kuunga mbao. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi na kupandishwa tanga la mkeka. Ibn Battuta, akiandika kuhusu Maldivi katika karne ya 14, alieleza kwamba vyombo vya Bahari ya Hindi vilishonwa kwa kamba kwa sababu bahari hiyo ina miamba mingi: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, cha kamba hunyumbuka. Maelezo yake yanaweza kuwa yamerahisisha mambo, kwani bei na upatikanaji wa chuma navyo vilikuwa na sehemu yake. Lakini aliona jambo ambalo waandishi wengi waliomfuata walilipuuza walipoita vyombo hivyo dhaifu. Unyumbufu ulikuwa sifa iliyokusudiwa.

Katika Ziwa Victoria, mitumbwi mikubwa ya Buganda, ile inayohusishwa na visiwa vya Ssese, nayo ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea juu ya gogo la chini. Haikuwa na tanga. Ilisukumwa kwa kafi, na iliongozwa chini ya mamlaka ya Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mamba aliyekuwa pia amiri wa vyombo vya Kabaka. Mitumbwi hiyo ilivuja daima. Wageni wa Ulaya walilalamikia jambo hilo sana, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana kuyateka na kuyamwaga maji ilikuwa sehemu ya safari. Hata hivyo mshono uliolegea ulikazwa au kurudiwa kwa nyuzi zilizoota karibu na mahali chombo kilipovutwa. Hakuna kifaa katika mtumbwi huo kilichotegemea msafara wa pwani.

Hapa inafaa kuepuka sifa za kupita kiasi. Mtumbwi wa kushonwa ulihitaji kazi ya mikono isiyokwisha, na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu palikuwa na utawala ulioweza kuwaamuru watu waifanye. Wepesi wa kukarabati una bei yake. Hulipwa kwa muda wa watu.

Boti za vipande

Boti ya Henry Morton Stanley, Lady Alice, ilijengwa Uingereza kwa mbao za mwerezi, ikiwa na urefu wa futi 40 na sehemu tano za kuunganishwa. Ilipofika Zanzibar ilionekana wazi kwamba vipande vyake ni vizito mno kwa njia za bara, ikabidi vigawanywe upya kabla ya safari kuanza. Ukarabati wa kwanza wa chombo hicho, kwa hiyo, ulifanyika kabla hakijagusa maji ya ziwa lolote. Tarehe 8 Machi 1875 kiliondoka Kageyi, kusini mwa Ziwa Victoria, na kurejea tarehe 6 Mei baada ya kulizunguka ziwa.

Kifaa kilichokosekana katika safari hiyo kilikuwa cha kawaida kabisa. Katika kisiwa cha Bumbiire, mwishoni mwa Aprili, wenyeji waliyachukua makasia. Watu wa Stanley waliisukuma boti majini kwa haraka, wakang'oa mbao za kukanyagia chini ya boti na kuzitumia kama makafi, kisha wakachonga makasia mengine katika kisiwa walichokimbilia. Simulizi hii hupendwa kwa werevu wake. Isisomwe bila kinachoifuata: watu wa Bumbiire waliuawa katika kutoroka huko, na mwezi Agosti Stanley alirudi na bunduki kulipiza kisasi, wakauawa wengi zaidi. Mbao za chini ya Lady Alice ni sehemu ya historia hiyo pia.

Boti ya Daisy, iliyobebwa vipande kwa ajili ya wamisionari wa Kianglikana, inatoa ushahidi ulio bora zaidi. Mwezi Desemba 1877, Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe katika ugomvi kati ya mtemi Lukonge na Songoro, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa akijenga vyombo huko. Songoro naye aliuawa. Vifo hivyo huandikwa katika historia ya Kanisa. Katika historia ya ufundi vina maana nyingine: kusini mwa ziwa lilimpoteza kwa siku moja mtu aliyekuwa na mbao, mafundi na maarifa ya pwani, pamoja na Mzungu aliyejua boti. Daisy ilibaki ufukoni bila mtu wa kuitunza.

Alexander Mackay, mhandisi kutoka Uskoti, alifika hapo Juni 1878. Alikuta vifaa vya misheni vimerundikwa ovyo, vitabu pamoja na vipande vya bwela, rangi pamoja na zana. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuhubiri wala kusafiri. Alitenga, akapanga, akahesabu hadi alipohakikisha kwamba injini ndogo aliyoikuta imekamilika hadi parafujo ya mwisho. Jambo hilo linastahili kusisitizwa. Mahali ambapo parafujo moja haiwezi kununuliwa, orodha ya vifaa ni sehemu ya ukarabati. Boti yenyewe ilikuwa imepasuliwa na jua na kuliwa na mchwa. Ikabidi itiwe viraka na kuzibwa upya kabla ya kushushwa majini.

Mwezi Agosti, Mackay na C. T. Wilson walitweka tanga kuelekea Buganda. Dhoruba iliwatupa kwenye pwani ya magharibi ya ziwa, na mawimbi yakaivunja boti. Suluhisho lao lilikuwa la ajabu kwa mtu aliyezoea karakana, lakini lina mantiki kamili: waliikata boti katikati, wakaondoa futi nane, wakaivuta omo hadi ikakutana na tezi, na mbao za sehemu iliyoondolewa zikatumika kuziba mahali palipovunjika. Kazi ilichukua wiki nane. Mapema Novemba 1878 boti hiyo fupi iliwafikisha Buganda.

Daisy ilijifanya ghala lake yenyewe. Kila futi iliyopotea katika urefu ilirudi kama kiraka. Kilichowezesha hayo ni mambo mawili ambayo hayakukusudiwa na aliyeijenga: mbao zake zilikubali kukatwa kwa msumeno wa kawaida, na umbo lake la vipande lilikuwa limewazoeza watu wazo kwamba boti inaweza kufunguliwa. Chombo cha bamba za chuma katika ufuko uleule kingebaki pale. Pia, kazi ya wiki nane ya kukata, kuvuta na kupigilia haikuwa ya watu wawili, ijapokuwa simulizi imebaki na majina mawili.

Ushahidi wa maneno

Lugha inathibitisha mpaka kati ya teknolojia hizi mbili. Katika Kiganda, chombo chenyewe ni eryato, neno ambalo halina deni kwa Kiswahili. Tanga, kwa upande wake, ni ettanga, na mlingoti ni omulongooti. Buganda ilikuwa na vyombo na majina ya vyombo muda mrefu kabla ya mtu wa pwani kufika. Ilichopokea ni kile kilichopandishwa juu yake, pamoja na maneno yake.

Ushahidi huu una kikomo. Majina ya vifaa husafiri pamoja na vifaa, lakini vitenzi vya kuvitengeneza hubaki kwa mafundi. Kamusi za Kiswahili zinatoa foromali, gofia, abedari, henza, kana na kalafati. Mtafiti anapata picha nzuri ya jahazi lililo zima. Akitafuta namna ya kueleza pini iliyobana isiyotoka, tofauti na iliyolegea au iliyolika, anaachwa na kukwama, neno linalobeba pia gari ndani ya tope na kesi mahakamani. Mafundi husema kifaa kimeganda au kimeshika. Tofauti kati ya kimeganda na kimechakaa ni tofauti kati ya kifaa kinachoweza kuokolewa kwa mafuta na subira, na kile kinachopaswa kutupwa.

Karakana na grisi

Reli ya Uganda ilipofika Port Florence, Kisumu ya leo, mwezi Desemba 1901, umbali kati ya pini na mbadala wake ulipungua kutoka miezi hadi siku. Meli zilizoletwa vipande ziliungwa hapo kwa ribiti, na karakana ikawa na tanuri, mashine za kukereza na mafundi wa kulipwa. Kwa meli kubwa hilo lilikuwa jambo jema. Kwa vyombo vidogo matokeo yalichanganyika. Chuma kilipatikana kwa urahisi zaidi, misumari ikachukua nafasi ya mshono hata katika mitumbwi ya asili ya Ssese, lakini tanuri lilibaki Kisumu. Mvuvi wa kisiwani alipata kifaa cha karakana bila kupata karakana.

Mfano wa mwisho unatoka Ziwa Tanganyika na unahusu meli, si boti. Unaingizwa hapa kwa sababu ya kitu kimoja tu, grisi. Wajerumani walipoizamisha Graf von Götzen karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, wahandisi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza, wakitumaini kuirudia siku moja. Hawakuirudia wao. Waingereza waliiinua mwezi Machi 1924, wakakuta mitambo imehifadhika kiasi cha kutengenezwa, na mnamo 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji haikuigandisha injini hiyo, wakati boti nyingi ndogo hugandisha pini za usukani katika msimu mmoja wa kuachwa mwaloni.

Kwa washauri wa sera jambo hili liko karibu kuliko linavyoonekana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Usafiri katika Ziwa Victoria ya mwaka 2007, na nchi wanachama zina taratibu zao za kukagua vyombo. Ukaguzi huangalia kwa haki makoti ya kujiokolea, idadi ya abiria na hali ya bodi. Swali ambalo historia hii inaliongeza ni dogo: je, usukani wa boti hii ukiganda katikati ya ziwa, aliyemo ana kitu gani cha kuufungulia? Swali hilohilo linafaa kuulizwa wakati wa ununuzi, kabla boti za kisasa hazijagawiwa kwa vikundi vya wavuvi. Boti ambayo bolti zake ni za kipimo kisichouzwa katika mji wa karibu imeshaamuliwa urefu wa maisha yake siku ya kutiwa saini mkataba. Zabuni inaweza kudai kwamba pini na bolti zote ziwe za vipimo vinavyopatikana katika maduka ya kanda, kwamba metali zinazogombana zitenganishwe, na kwamba kila boti ikabidhiwe pamoja na pini za akiba, kopo la grisi na kamba ya kufungia kishwara pale chuma kinapovunjika. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na bei ya boti.

Fomu ya ukaguzi nayo inahitaji maneno. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yanaweza kuanzia mialoni, kwa kukusanya vitenzi vya mafundi kabla ya kubuni istilahi mezani: kuganda, kushika, kulegea, kulika, kupasuka, kila kimoja na kifaa chake. Mkaguzi anayeandika "usukani mbovu" hajamwambia fundi lolote. Anayeandika "pini ya chini ya usukani imeganda, ganda lake zima" amempa kazi ya kuanza nayo asubuhi.